Kununua bunduki na bastola zilizotoka jeshini na polisi Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Ohio, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Camp Perry, ule uwanja wa kulenga shabaha ulio kando ya Ziwa Erie. Waswahili wenzangu wa hapa wamejua kwamba ninazo bunduki mbili za zamani na leseni ya mkusanyaji, basi maswali hayakomi: msikitini, harusini, hata kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu cha kuzikana. Nimeyakusanya hapa yanayorudiwa zaidi. Nimemwandikia anayeishi Marekani. Walioko nyumbani Afrika Mashariki wana sehemu yao huko chini, nayo ni fupi kwa sababu jibu lenyewe ni fupi.

Silaha za mtumba za jeshi na polisi ni zipi hasa?

Ni mafungu mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la jeshi: silaha zilizopitwa na wakati, zikawekwa ghalani, kisha serikali ikaamua kuzitoa. La pili ni la polisi. Idara ya polisi inapotaka bastola mpya, humpa muuzaji zile za zamani, naye hupunguza bei ya mpya kwa thamani yake, kama mtu anavyopeleka simu kuukuu dukani na kuongeza hela apate mpya. Muuzaji huziuza zile za zamani kwa raia kupitia maduka yenye leseni ya serikali kuu, ambayo hapa huitwa kwa kifupi FFL.

Kuna fungu la tatu ambalo si hili: silaha zilizonyang'anywa wahalifu. Baadhi ya majimbo huziteketeza, mengine huziuza. Kentucky, kwa mfano, huzipiga mnada na mapato hununua vifaa vya polisi. Mimi sinunui za fungu hilo.

Kwa hiyo naweza kununua M16 iliyotumika Vietnam?

Hapana. Bunduki za kumimina risasi, yaani zinazoendelea kupiga ukiwa umeshikilia kifyatulio, hazitoki ghalani kwenda kwa raia. Tangu 1934 zilibanwa kwa kodi ya dola 200 na kusajiliwa, kisha sheria ya 1986 ikafunga mlango: raia anaweza kumiliki zile tu zilizosajiliwa kabla ya tarehe 19 Mei 1986. Hizo chache zilizobaki bei yake ni ya gari, na ya gari zuri. Hata M14, iliyochukua nafasi ya ile Garand nitakayoieleza hapa chini, haiuzwi kwa raia, kwa sababu sheria inasema bunduki iliyotengenezwa kumimina hubaki ya kumimina hata ukiifunga swichi.

Vilevile zile bunduki za jeshi unazoziona mikononi mwa polisi wa mitaa, zilizotolewa chini ya mpango unaoitwa 1033, ni za mkopo. Polisi hawana ruhusa ya kuziuza. Zikimaliza kazi hurudi serikalini. Ukikuta mtu anatangaza "M16 ya 1033", ondoka.

Basi jeshi linawauzia raia nini?

Kubwa kuliko zote ni M1 Garand. Iliundwa na John Garand, mzaliwa wa Quebec, Kanada, aliyefanya kazi katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts. Jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwaka 1936. Hubeba risasi nane ndani ya kibanio cha chuma, na risasi ya mwisho ikishatoka kibanio huruka juu kwa mlio ambao ukishausikia mara moja hutausahau. Ina uzito wa zaidi ya kilo nne. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tano, za Vita Kuu ya Pili na za wakati wa vita vya Korea na baada yake, na nyingi Marekani ilizigawia nchi rafiki. Zinazouzwa leo nyingi ni zile zilizorudishwa kutoka huko.

Anayeziuza ni Civilian Marksmanship Program, au CMP. Mizizi yake ni ya 1903, Bunge la Marekani lilipotaka raia wajue kulenga ili vita ikija askari wasianze kufundishwa upya kutoka sifuri. Hadi 1996 ilikuwa kazi ya jeshi lenyewe. Mwaka huo ikageuzwa kuwa shirika lisilo la faida. Lina maduka Anniston, Alabama, na hapa kwetu Camp Perry. Humo unaingia, unazishika kwa mkono, unaangalia mtutu, unachagua yako. Wengine wananunua kwa posta, lakini nakusihi, ukiweza kufika, fika. Bunduki mbili za daraja moja na bei moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Tangu 2018 CMP imeuza pia bastola za M1911, alizozibuni John Browning, zilizokuwa kiunoni mwa askari wa Marekani hadi Beretta M9 ilipokuja 1985. Jeshi lilikuwa na takriban 100,000 zimelala ghalani. Sheria inaruhusu zisizozidi 10,000 kutolewa kwa mwaka, kwa hiyo wanunuzi hupangwa kwa bahati nasibu.

Masharti ya CMP ni yapi?

Uraia wa Marekani kwanza. Grini kadi haitoshi hapa, ingawa inatosha katika duka la kawaida. Kisha umri wa miaka 18 kwa bunduki na 21 kwa bastola, uanachama wa klabu iliyosajiliwa nao, uthibitisho kwamba umewahi kushiriki ulengaji au mafunzo ya silaha, na ukaguzi wa rekodi yako. Katika majimbo mengi bunduki huletwa hadi mlangoni kwako. Bastola lazima ipitie kwa FFL, na hapo rekodi hukaguliwa mara ya pili.

Klabu usiiogope. Nilipojiunga na yangu nilikuwa mtu mweusi pekee chumbani, na lafudhi yangu ni hii hii ya Tanga. Wazee wale walinifundisha kwa uvumilivu ambao sijausahau, na mmoja alinipa risasi zake siku nzima akakataa malipo.

Mimi si raia. Naruhusiwa kununua dukani?

Soma hapa polepole, kwa sababu kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini mtu asiye raia, hata mwenye grini kadi wa miaka ishirini.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kununua kwa FFL katika jimbo analoishi, akipita ukaguzi. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, haruhusiwi hata kushika umiliki wa risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya kuwinda. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Kisha kila jimbo lina yake juu ya hayo: California, New York na Massachusetts ni magumu kuliko Ohio.

Wapo pia wanaozuiwa bila kujali uraia: aliyetiwa hatiani kwa kosa la jinai kubwa, aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake hata kama kosa liliitwa dogo, na mtumiaji wa bangi, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Fomu ya 4473, unayoijaza dukani unaponunua, inauliza yote haya. Uongo juu ya fomu hiyo ni kosa peke yake, hata kama bunduki hukuipata. Kama hali yako ina utata wowote, lipa mwanasheria wa uhamiaji kabla hujalipa bunduki.

Shemeji yangu hana karatasi, ananipa hela nimnunulie. Kuna ubaya gani?

Ubaya mkubwa. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Tangu 2022 kununua kwa niaba ya asiyeruhusiwa kunaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 15.

Wala usidhani ni salama kama huyo mwingine anaruhusiwa. Kuna kesi maarufu, na ajabu yake inahusu bei ya polisi. Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, alitumia punguzo la polisi kumnunulia mjomba wake bastola ya Glock, kwa hela za mjomba. Mjomba hakuwa na doa lolote, na alipita ukaguzi wake mwenyewe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema hatia ile pale: aliandika kwamba ni mnunuzi halisi, na hakuwa. Zawadi ya kweli, kwa hela zako mwenyewe, kwa mtu anayeruhusiwa, ni jambo jingine.

Kwa nini bastola za polisi zimejaa sokoni, tena rahisi?

Kwa sababu polisi hubadilisha kama fasheni, na fasheni hiyo ina historia. Hadi miaka ya 1980 polisi wengi wa Marekani walibeba rivolva za kaliba ya .38, kama Smith & Wesson Model 10. Glock ilipoingia ilizipokea rivolva hizo ikatoa bastola zake. Kisha tarehe 11 Aprili 1986 maafisa wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili Miami, maafisa wawili wakauawa. Uchunguzi wa siku ile ulizaa hamu ya risasi yenye nguvu zaidi, na mwaka 1990 ikatoka kaliba ya .40. Idara nyingi zikaifuata. Miaka 25 baadaye FBI yenyewe ikarudi kwenye milimita 9, kwa kuwa risasi za milimita 9 zilikuwa zimeboreka na askari huzilenga vizuri zaidi. Idara zikaifuata tena. Ndiyo maana leo Glock 22 za kaliba ya .40 zinapatikana kwa dola 300 hadi 400 hivi, nyingine zikiwa bado na namba ya idara juu yake.

Zimechoka?

Kwa kawaida nje zimechoka, ndani bado. Polisi wa kawaida huibeba kila siku na huipiga siku chache tu za mafunzo kwa mwaka. Kuingia na kutoka kwenye ala hukwangua rangi pembeni na mdomoni, lakini mtutu huwa karibu mpya. Badilisha springi ya kurudisha, ni hela ndogo. Zile alama za shabaha zinazong'aa gizani tegemea zimefifia, kwa sababu tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 12 na kidogo. Ukinunua SIG P320, uliza kama ilipitia marekebisho ambayo kampuni iliyatangaza Agosti 2017 kuhusu bastola kufyatuka ikidondoka. Wasiokujibu waziwazi usinunue kwao.

Si vibaya polisi kuuza silaha zao?

Hili ndilo swali ninalolipenda na linaloniuma, wala sitalikwepa.

Agosti 1999 mwanamume mwenye chuki alifyatua risasi katika kituo cha jumuiya ya Wayahudi karibu na Los Angeles, akajeruhi watu watano, wakiwamo watoto. Kisha akamuua Joseph Ileto, mpeleka barua mwenye asili ya Ufilipino. Bastola ya mauaji hayo iliwahi kuwa ya polisi wa mji mdogo wa Cosmopolis, jimbo la Washington. Ilibadilishwa kihalali, ikapita mkono hadi mkono. Mwaka 2024 waandishi wa uchunguzi walitoa takwimu za idara ya serikali inayofuatilia silaha: zaidi ya 52,000 zilizowahi kuwa za polisi zilipatikana katika matukio ya uhalifu kuanzia 2006.

Baada ya kusoma hayo nilikaa muda nikijiuliza kama niendelee. Nimeona hivi: chuma hakina kosa, kosa liko pale karatasi inapokatika. Silaha inayotoka idarani kwenda FFL, kwa fomu na ukaguzi, hadi kwa mtu anayejulikana, bado ina mlolongo. Ile inayouzwa kwenye maegesho ya magari bila jina, hata kama jimbo linaruhusu, imepotea. Kwa hiyo sinunui kwa mtu binafsi bila kupita dukani, na siuzi bila kupita dukani, ingawa Ohio hainilazimishi. Idara zinazoamua kuziyeyusha za zamani na kulipa bei kamili ya mpya, mimi naziunga mkono, hata kama mtumba utanipungukia.

Hii biashara ya kutupa silaha kuukuu sokoni ni mpya?

Hata kidogo, na sisi wa pwani tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua za kupakia nyuma, zile za zamani zilitafutiwa soko, na soko mojawapo likawa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Euan-Smith alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani yetu. Zilikwenda na misafara ya pembe na watumwa. Magobore tunayoyasikia katika hadithi za babu ndiyo hayo, mtumba wa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuja kuzuia, na uliwafaa wakoloni pia, waliotaka kutawala watu wasio na bunduki.

Marekani nayo ilijifunza kwa msiba. Machi 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta, kwa jina la uongo, bunduki ya Carcano ya jeshi la Italia kutoka duka la Klein's mjini Chicago. Pamoja na darubini na nauli ya posta ililipiwa dola 21.45. Novemba yake Rais Kennedy akauawa. Sheria ya 1968, aliyoisaini Lyndon Johnson, ilizuia kuagiza silaha kwa posta kutoka jimbo jingine na kuingiza mitumba ya majeshi ya nje. Mwaka 1984 mlango wa kuingiza ulifunguliwa kidogo kwa bunduki zinazohesabiwa kuwa kumbukumbu za kale.

Hiyo leseni ya mkusanyaji ndiyo nini?

Ni leseni ya serikali kuu ya dola 30 kwa miaka mitatu. Inakuruhusu kupokea moja kwa moja silaha zenye umri wa miaka 50 na zaidi, zikiwa katika umbo lake la asili. Lazima uandike kila inayoingia na kutoka katika daftari. Si leseni ya biashara. Na sheria za jimbo lako bado zinakuhusu.

Wewe unayo ipi, na kwa nini?

Garand moja, na Lee-Enfield No. 4 ya kaliba .303. Hii ya pili niliitafuta kwa sababu ya babu. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, mvua na malaria. Hakusimulia sana, ila alipenda kuonyesha kwa fimbo yake jinsi komeo linavyovutwa. Yangu imepigwa muhuri "U.S. PROPERTY" kwa kuwa ilitengenezwa na kiwanda cha Savage, Massachusetts, kwa ajili ya Waingereza. Siku ya kwanza nilipolivuta komeo lake mkono wangu ulijua la kufanya.

Nikague nini kabla ya kununua bunduki ya zamani?

Nitakuambia kilichonipata. Lee-Enfield yangu ya kwanza niliinunua kwa muuzaji aliyeniapia kwamba iko sawa. Namba ya komeo na ya mwili hazikufanana, nikapuuza. Risasi ya nne ganda lilikatika vipande viwili ndani ya chemba. Sikuumia, kwa rehema za Mungu na miwani. Fundi bunduki akapima akasema nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi imezidi. Kipimo hicho hugharimu kidogo sana, basi kifanye kabla ya risasi ya kwanza, sio baada ya ya nne.

Mengine: angalia mdomo wa mtutu kama umelika kwa fimbo ya kusafishia. Grisi nzito ya jeshi iondoe yote, hasa ndani ya chemba na kwenye kifyatulio. Risasi za jeshi za zamani mara nyingi zina fataki inayoacha chumvi, nayo mafuta hayaiyeyushi. Osha mtutu kwa maji ya moto siku ile ile, ukaushe, ndipo upake mafuta. Garand usiilishe risasi kali za kisasa za kuwindia, zitapinda fimbo inayoendesha komeo. Na Springfield M1903 yenye namba chini ya 800,000 iliyotoka kiwanda cha Springfield iweke ukutani: chuma chake kilichomwa vibaya na vingine vilipasuka.

Naweza kuituma nyumbani, au kuificha ndani ya kontena?

Hapana. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha serikali hapa, na kuiingiza kunahitaji kibali huko. Hata vipuri vina masharti. Kijana mmoja wa jamii yetu aliniuliza juu ya magazini ya risasi tu, "kipande cha plastiki". Nilimwambia aliyemtuma amwombe viatu.

Na Kenya au Tanzania, raia anaweza kununua za polisi au jeshi?

Hapana. Kenya umiliki wa raia unasimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania na sheria ya silaha za moto na risasi ya 2015, na zote mbili zimesaini Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayotaka raia wasimiliki kabisa bunduki za kumimina wala zinazojipakia zenyewe. Silaha haramu zinazokusanywa huteketezwa: mwaka 2016 Kenya ilichoma zaidi ya 5,000 huko Ngong. Bunduki anayopewa askari wa akiba kijijini hubaki mali ya serikali.

Nina watoto. Niiweke wapi?

Sefu, imefungwa, tupu, risasi kwenye kasha jingine lenye kufuli lake. Juu ya kabati si mahali. Chini ya godoro si mahali. Funguo zisijulikane na mtoto, na wageni wasijue kabisa kama unayo. Kama nyumbani mwako kuna mtu aliyezongwa na huzuni siku hizi, ipeleke kwa fundi au rafiki anayeruhusiwa hadi mambo yatulie.

Baba mkwe alikuwa mwanajeshi, amefariki ameacha Garand. Mke wangu anataka kuisafisha ing'ae.

Mpe pole, kisha mwombe asiiguse kwa msasa wala vanishi. Kwenye mbao za kitako kuna mihuri: herufi P ndani ya duara karibu na kishikio, na pembeni pengine SA na GHS, herufi za afisa Gilbert H. Stewart aliyepokea bunduki za Springfield wakati wa vita. Msasa ukipita mara moja, hiyo imekwenda. Tafuteni kwanza kwenye makaratasi ya marehemu, huenda kuna risiti au barua ya wakati alipoinunua. Halafu kitambaa kikavu, tone la mafuta kwenye chuma, na mbao muiache na jasho la mikono yake.